Namna ya Kulisha Macho Bila Kugusa Mchicha

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye akili timamu anayeyapenda macho yake kwa moyo wote, ilimradi mapenzi hayo yasimnyime chipsi. Kama wewe unakula matembele mara nne kwa wiki, chai unakunywa bila sukari na macho umepima mwaka huu, huna shida na sisi. Nenda kapumzike. Sisi wengine tuna kazi ya kufanya.

Anza na karoti. Kila anayejali macho huanza na karoti, na wengi humalizia hapohapo. Nunua kilo mbili, osha, saga kwa blenda, ongeza sukari vijiko vinne maana karoti tupu haipandi, kunywa glasi nzima, kisha toka barazani uangalie mti wa mbali. Ukiona majani yake yamekaa vizuri kuliko jana, usimwambie mtu kwamba jana kulikuwa na mawingu.

Sifa za karoti zina historia, na ni historia tamu kuisimulia kijiweni. Mwaka 1940 ndege za Ujerumani zilikuwa zinaishambulia Uingereza usiku, miji ikizimwa taa. Marubani wa Kiingereza wakaanza kuzidungua gizani kwa ustadi ambao hakuna aliyeuelewa. Mmoja wao, John Cunningham, alimaliza vita akiwa amedungua ndege 20, 19 kati ya hizo usiku, na magazeti yakambandika jina la Macho ya Paka. Siri yake ilikuwa rada iliyofungwa ndani ya ndege, lakini siri ya vita haitangazwi. Kilichotangazwa ni kwamba jamaa anapenda sana karoti. Wizara ya Chakula nayo ilikuwa na shehena ya karoti kuliko walaji, na sukari na nyama zilikuwa za mgao, basi uvumi huo ikaudaka kwa mikono miwili na kuchora hadi katuni ya Daktari Karoti. Kama Wajerumani walisadiki, hilo ni lao. Waliosadiki bila shaka yoyote ni akina mama wa Uingereza, wakawarithisha watoto wao, na leo mtu wa Mbagala ambaye hajawahi kupanda ndege anasaga karoti ili aone kama rubani.

Ukweli wenyewe unaudhi kidogo. Karoti ina beta-karotini, mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na retina inaitumia hiyo vitamini kutengeneza rodopsini, kemikali inayonasa mwanga hafifu. Mmarekani George Wald alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1967 kwa utafiti wake juu ya kemia hiyo ya kuona. Asiye na vitamini A akila karoti, anaanza kuona jioni. Aliye nayo ya kutosha akila karoti, amekula karoti. Akizidisha sana, viganja na nyayo zitageuka rangi ya chungwa, na daktari ataangalia weupe wa macho, aukute bado mweupe, ajue kwamba ini halina tatizo, tatizo ni blenda. Usivunjike moyo kwa hilo. Angalau watu wataona umebadilika.

Sasa tumkabili adui mwenyewe, genge la mboga.

Linakaa mahali pabaya, kwenye njia ya kwenda nyumbani, kwa hiyo kulikwepa kunahitaji nidhamu. Mama amekaa kwenye kigoda. Mbele yake kuna mafungu ya mchicha, matembele, mnafu na majani ya maboga, na pembeni kuna beseni la kisamvu kilichotwangwa. Anakata sukumawiki bila kibao: ameyakunja majani kwenye kiganja, kisu kinapita karibu kabisa na dole gumba, nyuzi za kijani zinadondoka kwenye mfuko, na muda wote huo hakitazami kisu, anakutazama wewe. “Baba, nikuwekee na nyanya?” Hapo ndipo wanaume wengi wamelegea. Wewe kaza. Mwambie kesho. Fungu lile halifiki hata nauli ya daladala, na kitu cha bei hiyo hakiwezi kuwa na maana kwenye mwili wa mtu anayejiheshimu.

Bahati mbaya kina maana. Majani ya kijani kilichokolea yamejaa luteini, rangi ambayo mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe na ambayo retina huihifadhi pale katikati, mahali unapotumia kusomea na kutambua sura za watu. Kiini cha yai kinayo pia. Kidonge chenye luteini kinauzwa duka la dawa kwa bei ya mafungu ya mboga ya mwezi mzima, kimetoka ng'ambo, kina picha ya jicho la bluu. Mpenda macho wa kweli hununua hicho, huku akimpita mama pale kwenye kigoda bila hata shikamoo.

Ikitokea mwenzako nyumbani amenunua mchicha bila kukushauri, bado hujashindwa. Ukate kwanza, uoshe baadaye, ili kilichomo kitoke na maji. Uchemshe. Tia magadi, yatalainisha majani na kuzimaliza vitamini C na baadhi ya zile za kundi B. Mwaga maji, tia mengine, chemsha tena mpaka kijani kihame kabisa. Kisha, na hili ni muhimu, usitie mafuta hata tone, kwa kisingizio cha afya. Karotini na luteini husafiri kwenye mafuta. Bila mafuta zinapita tumboni na kutoka zilivyoingia. Bibi wa Tanga aliyepika kisamvu kwa tui zito la nazi hakujua neno karotini, lakini wajukuu zake walikuwa wanaifaidi. Ndiyo maana tumeacha mapishi yake.

Kwenye mafuta kuna nafasi nzuri sana ya kuharibu. Nenda dukani kwa Mangi. Nyuma ya nondo zimepangwa chupa za mafuta ya kupima, yaliyomiminwa kutoka dumu la lita 20 kuingia kwenye chupa za maji zilizookotwa. Chagua iliyokaa upande wa jua. Kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wasindikaji wakubwa wa mafuta ya kula nchini Tanzania waongeze vitamini A, na vitamini A ina maadui wawili, mwanga na hewa. Chupa angavu iliyoota jua dirishani wiki nzima, kifuniko kikiwa ni kipande cha mfuko, itakuuzia mafuta peke yake. Kile serikali ilichoongeza kimeshaondoka kwa amani.

Na kama una ndugu Kigoma, siku moja atakuja na kidumu cha mawese. Yamesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, mekundu kiasi cha kutia doa kitambaa cha meza, na wekundu huo ndio karotini yenyewe. Mjini ni aibu. Mgeni atauliza kwa nini maharage yana rangi hiyo, na utalazimika kutaja kwenu. Suluhisho ni kuyaunguza: weka sufuria kwenye moto mkali, fungua madirisha, subiri moshi utoke na wekundu upauke mpaka yafanane na ya dukani. Ni kazi ya dakika chache kugeuza dawa ya macho ya familia nzima kuwa mafuta ya kukaangia mihogo, na jirani hatajua chochote isipokuwa harufu.

Maini yanahitaji diplomasia. Gramu 100 za maini ya ng'ombe zina vitamini A inayozidi mahitaji ya mtu mzima ya siku tano. Wamisri wa kale waligundua mapema kuwa kuna kitu humo: mafunjo ya Ebers, ya karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, yanaelekeza maini ya ng'ombe yachomwe, yakamuliwe, na yatiwe kwenye jicho. Mdomo ungekuwa njia ya mkato, lakini tusiwacheke, maana nasi tunayapeleka yasikohitajika. Katika nyumba yenye heshima maini ni ya baba. Firigisi ni ya baba. Baba tayari ana akiba ya vitamini A ya miezi kadhaa kwenye ini lake mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili, ambaye akiba yake ni ndogo na surua inamzunguka mtaani, apewe mchuzi. Mama mjamzito akitamani yai, mwambie mtoto atazaliwa hana nywele. Kwa mgawo huu kila kipande cha chakula chenye faida kitamfikia yule ambaye kitamfaa kidogo zaidi, na hakuna atakayekulaumu, kwa sababu ni mila.

(Baba naye asijisahau. Vitamini A inayotoka kwenye nyama haitoki mwilini kirahisi, na ikizidi ni sumu. Mswisi Xavier Mertz alikufa Antaktika mwaka 1913, na dhana inayokubalika sana ni kwamba alidhurika kwa maini ya mbwa wa kuvuta magari ya theluji, ambayo yeye na mwenzake walilazimika kula. Wajawazito pia wanashauriwa wasifanye maini kuwa chakula cha kila siku. Kipande kwa kila mtu, mara mojamoja, kingetosha nyumba nzima. Mweleze baba.)

Dagaa wana utaratibu wao. Kaa chini na ungo, chambua kichwa kimojakimoja, wape paka. Samaki wadogo wanaoliwa wazima wana vitamini A, na kwa aina fulani sehemu yake kubwa imejificha kwenye macho na ini, kwa hiyo wazee waliosema jicho la samaki ni zuri kwa jicho la mtu hawakuwa wanapiga porojo tupu. Paka, kwa upande wake, hana uwezo wa kugeuza karoti kuwa vitamini A. Lazima aipate kwenye nyama na samaki. Ukimpa vichwa vyote vya dagaa unamtendea haki kabisa. Watoto wabaki na mikia.

Viazi navyo vichague kwa rangi. Kiazi lishe, kile chenye nyama ya rangi ya chungwa, kina beta-karotini nyingi kiasi kwamba gramu 125 tu, yaani kiazi kimoja cha wastani, zinatosheleza mtoto mdogo kwa siku nzima. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa wataalamu wanne, watatu kati yao, Maria Andrade, Jan Low na Mganda Robert Mwanga, wakituzwa kwa kukiboresha na kukisambaza kiazi hicho Afrika. Miaka ya jasho, safari za vijijini, mbegu za kuhimili ukame. Nasi tumewajibu kwamba kinateleza mno mdomoni, hakina ule unga wa kiazi cheupe kinachokaba koo mpaka utafute chai. Tumewaachia watoto, ambao wanakipenda, na tukiona wanakipenda tunasema ni chakula cha watoto.

Kwa unga, msimamo wetu ni wa muda mrefu zaidi. Wazee wanaukumbuka ugali wa Yanga, ule wa mahindi ya njano yaliyokuja wakati wa njaa ya miaka ya 1970. Taifa zima liliutazama sahanini kwa huzuni. Rangi ile ya njano inatokana na jamii hiyohiyo ya karotini, ikiwamo zeaksanthini inayokaa katikati ya retina pamoja na luteini. Mahindi meupe yana kiasi kidogo mno kisichostahili hata kutajwa. Lakini njano ilikuwa rangi ya msaada na ya foleni, na mtu akishakula kitu kwa foleni hakirudii kwa hiari. Hapo siwezi hata kufanya mzaha sana. Tumbo nalo lina kumbukumbu. Basi tuendelee na sembe, ile iliyokobolewa mpaka ikang'aa, na pumba tuwape ng'ombe, ambao afya yao ni nzuri.

Sasa watoto, maana mwongozo wowote wa nyumba lazima useme namna ya kuwalea.

Inafika saa kumi na mbili na nusu jioni, wenzake wanacheza kombolela. Mchana alikuwa anawashinda wote kwa mbio. Sasa amesimama pembeni, mkono mmoja umeshika tofali la ukuta, anageuza kichwa kufuata sauti. Ukimwita anakuja kwa kupapasa, mguu unapiga ndoo, maji yanamwagika uwanjani. Mwongozo unaelekeza: mfokee. Mwite mzembe. Mwulize kama hana macho. Usije ukajiuliza kwa nini uzembe wake unaanza magharibi na kwisha alfajiri. Usimgeuze kwenye mwanga kutafuta mabaka meupe kama povu kwenye weupe wa jicho, yale aliyoyaeleza daktari Mfaransa Pierre Bitot mwaka 1863. Ukiyaona utalazimika kwenda kituo cha afya, na huko watakwambia kwamba kutoona jioni ni dalili ya mwanzo, kwamba jicho linafuata kukauka, kisha kioo cha jicho kinalainika na kutoboka, na hapo hakuna mboga itakayorudisha kitu. Makadirio ambayo Shirika la Afya Duniani limeyatumia kwa miaka mingi ni kwamba watoto kati ya 250,000 na 500,000 hupofuka kila mwaka kwa njia hii, na nusu yao hufa ndani ya mwaka mmoja baada ya kupofuka.

Hufa, kwa sababu vitamini A si ya macho tu. Katika Hospitali ya Mvumi, Dodoma, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa vitamini A kwa dozi kubwa juu ya matibabu ya kawaida. Kwenye kundi lililopewa, asilimia 7 walikufa. Kwenye kundi ambalo halikupewa, asilimia 13. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987. Matone yale mnayoyajua, kidonge cha bluu kwa mtoto wa miezi sita hadi kumi na moja na chekundu kwa mkubwa wake hadi kabla ya miaka mitano, hukatwa ncha na kukamuliwa mdomoni mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, bure. Mwongozo unashauri Juni uwe safarini na Desemba uwe na harusi.

Turudi kwenye sahani ya mtu mzima. Agiza chipsi mayai, soda baridi, na baadaye chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Sukari ni mtaalamu kuliko vyote nilivyotaja hapo juu kwa sababu haina haraka na haiumizi. Kisukari kikishakaa miaka, mishipa midogo ya damu kwenye retina huanza kuvujisha, mingine mipya na dhaifu huota pasipostahili, na muda wote huo mwenye macho anaona vizuri tu na anaendesha bajaji. Siku pazia linaposhuka, kazi ilishafanyika zamani. Kuna kimchezo kingine kizuri: sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho hubadilika umbo, kwa hiyo miwani uliyopimiwa Jumatatu inakuwa na ukungu wiki mbili baadaye. Mlaumu aliyekuuzia. Nunua nyingine kwa machinga. Nesi akikuuliza, mazungumzo yawe hivi:

“Shikamoo mzee. Sukari umepima lini?”

“Marahaba mwanangu. Mimi naumwa macho.”

“Ndiyo, mzee wangu, lakini sukari?”

“Sukari situmii sana. Natumia kwenye chai.”

“Chai vikombe vingapi?”

“Mwanangu, dawa ya macho mnayo au hamna?”

Wapo watakaosema kwamba chakula hakiwezi kumpofusha mtu mzima aliyeshiba. Wapelekwe Cuba. Kati ya 1991 na 1993, baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika na meli za msaada kukoma, Wacuba walibaki na sukari na tumbaku, huku nyama, maziwa na mayai yakiadimika. Zaidi ya watu 50,000 walipata ugonjwa wa neva; wengi walipoteza uoni wa katikati, rangi zikafifia, nyekundu ikawa kama imefuliwa mara nyingi. Serikali iligawa vitamini za kundi B kwa nchi nzima, na ugonjwa ukarudi nyuma. Dar es Salaam yenyewe, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa macho walianza kupokea vijana wenye dalili za jamii hiyo, na lishe duni ikawekwa kwenye orodha ya washukiwa. Vijana. Watu wa chai na mandazi asubuhi, chipsi kavu mchana, na usiku Mungu anajua.

Kwa wenye haraka ipo njia ya chupa. Pombe ya kienyeji iliyoongezwa methanoli haina subira ya kisukari: ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia neva ya jicho. Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe ya namna hiyo, na baadhi ya waliopona waliamka hawaoni. Sina utani wa kuongeza hapo.

Baada ya kufanya yote hayo, mwenye uwezo hukimbilia vidonge. Vidonge vina heshima yake, tena vimefanyiwa utafiti wa kweli. Wamarekani walichapisha mwaka 2001 matokeo ya mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, zinki na beta-karotini kwa wazee ambao katikati ya retina yao palikuwa pameanza kuchakaa, na ulipunguza kasi ya uchakavu huo. Ulipunguza kasi kwa waliokwisha kuugua. Kwa mzima wa miaka 35 anayevinunua ili aone namba za daladala kwa mbali, utafiti huo haukusema chochote. Na mvuta sigara achukue tahadhari ya pekee kuipuuza habari hii: Ufini, mwaka 1994, utafiti wa wanaume zaidi ya 29,000 waliokuwa wanavuta sigara uligundua kwamba waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, si pungufu. Ndiyo maana matoleo ya baadaye ya mchanganyiko ule wa Wamarekani yaliiondoa beta-karotini na kuweka luteini na zeaksanthini. Karotini ya kwenye boga haijawahi kushtakiwa kwa kosa hilo. Lakini boga haliuzwi kwenye kichupa chenye pamba juu.

Mwisho kabisa kuna mambo ambayo hata sahani ya malaika haiyawezi, na hapo ndipo imani yako katika chakula itakapong'ara. Mtoto wa jicho akishakomaa, lenzi imeingia ukungu, na tiba yake ni upasuaji mfupi wa kuitoa na kuweka ya bandia. Watu wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Presha ya macho huila neva kimyakimya na kinachoizuia ni dawa ya matone au upasuaji, si juisi ya aina yoyote. Mwambie dokta utafikiria. Kisha nenda kwa yule anayeuza asali ya nyuki wadogo ya kudondoshea machoni, ambaye hana mashine yoyote ya kupimia na kwa hiyo hatakupa majibu mabaya.

Halafu kuna miaka arobaini. Lenzi ya kila mtu, aliyekula mchicha na aliyeukimbia, hukakamaa kadiri umri unavyokwenda, na maandishi ya karibu huanza kuogelea. Dawa yake ni miwani ya kusomea, kitu rahisi mno. Usivae, watakuita babu. Sogeza simu mbele. Ikigoma, nyoosha mkono wote. Mkono ukiisha, kuza herufi mpaka ujumbe wa muamala uonekane maneno matatu kwa mara moja, “Umepokea Tsh”, na salio uwe kwenye kurasa za mbele huko. Ukishindwa kabisa, mwite mjukuu akusomee, na kama kuna pesa ya kutuma atume yeye. Akikuuliza namba ya siri, mtajie kwa sauti, polepole, asije akakosea.